Bi. Truphena Kavere, Aliyesoma Ilani Hadi Mwisho

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Truphena Kavere, karani wa kumbukumbu, anastaafu baada ya kukihudumia Chuo cha Ufundi cha Daraja Mbili, hapa Baba Dogo, kwa miaka thelathini na mmoja, mwezi mmoja na siku ishirini na tano. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Mimi ningeandika "zaidi ya miaka thelathini" nikaenda zangu kunywa chai.

Jina langu ni Githinji, mkuu wa idara ya kompyuta. Mkuu wa chuo, Bi. Nduta, aliniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya kijitabu cha sherehe, akanipa masharti mawili: nisizidi kurasa nne, na niwachangamshe wageni. Akanikabidhi faili la Mama Frankline, maana hilo ndilo jina tunalomwita wote kwa heshima ya kifungua mimba wake, ili nipate tarehe za kuajiriwa na kupandishwa cheo. Nililifungua Jumatatu tarehe 17. Nilichokikuta humo kimenifanya nione aibu hata kumwamkia. Basi nitajaribu kuwachangamsha, ila siwezi kuahidi kwamba nitaendelea hivyo hadi mwisho.

Mama Frankline aliingia hapa Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1994, mpiga chapa wa muda wa miezi mitatu. Chuo kilikuwa vyumba vinne vya mabati na karakana moja ya useremala, na mitihani yote ilipigwa chapa kwenye stensili. Wanaokumbuka wanasimulia kwamba mkuu wa wakati ule alimpa mtihani wa uashi auchape haraka haraka. Akauchapa, kisha akaurudisha na swali lake. Swali la saba lilitaka idadi ya matofali ya kujengea ukuta, lakini urefu wa ukuta haukutajwa popote. Mtihani huo ulikuwa umetumika miaka mitatu mfululizo, na kila mwaka wanafunzi walilijibu swali la saba na wakapewa alama. Baada ya siku hiyo ile miezi mitatu ikasahaulika, hakuna aliyethubutu kumwambia kazi imekwisha.

Kompyuta tatu za kwanza zililetwa mwaka 2003, zimeshatumika kwingine, moja haina herufi ya H. Wafanyakazi wengi waliziogopa. Yeye hakuziogopa, alizisoma. Kila sentensi iliyojitokeza kwenye skrini aliisoma tangu neno la kwanza hadi nukta. Kuna siku mkuu alingoja barua tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa. Alipokwenda kuuliza akamkuta yuko ukurasa wa kumi na saba wa ule mkataba wa matumizi ambao sisi wengine hubonyeza "Nakubali" huku tukipiga miayo. Akamweleza mkuu kwamba mpaka hapo anakubaliana nao kwa mambo mengi, ila kuna kifungu kimoja angependa kufafanuliwa kabla hajakubali kwa niaba ya chuo.

Huyo ndiye mtu tuliyempuuza kuhusu kivinjari. Nimeandika "tuliyempuuza" kwa sababu wingi unasaidia kujificha. Ukweli ni kwamba nilimpuuza mimi, na wengine wakanifuata kwa kuwa ndimi niliyedhaniwa kujua.

Kwa wageni ambao kompyuta si kazi yao: kivinjari ni ile programu unayoifungua ili uingie kwenye intaneti. Ofisini tunasema brauza, basi. Watengenezaji wake hutoa toleo jipya kila baada ya muda, na mashine hukuonyesha ilani ndogo juu ya skrini kukuuliza kama ungependa kusasisha. Chini yake kuna vitufe viwili, Sasisha na Baadaye. Kuanzia mwaka 2018 hapa Daraja Mbili tulikuwa watu wa Baadaye. Kila kompyuta niliibandika stika ya manjano niliyoichapa mwenyewe kwa herufi kubwa: USIGUSE. UKIGUSA UTAJIELEZA KWA GITHINJI. Nilijivunia sana stika zile.

Mama Frankline hakugusa. Alichofanya ni kununua daftari gumu na kulipiga mistari ya safu tatu: tarehe, maneno ya skrini, jibu la Mwalimu Githinji. Yeye humwita kila mtu mwalimu, hata mimi ambaye sijawahi kushika chaki. Kila ilani ilipotokea aliinakili, akapanda ngazi hadi ofisini kwangu, akaniuliza kama tusasishe, akarudi na jibu langu akaliandika. Nimelisoma daftari hilo lote wiki hii. Kuna ilani arobaini na tatu, na katika safu ya tatu, mara arobaini na tatu, kwa ule mwandiko wake wa kupendeza, limeandikwa neno "Baadaye".

Februari 2019, kwenye mkutano wa wafanyakazi, tulipofika mahali pa mengineyo aliomba dakika tano. Akafungua mkoba akatoa kufuli. Akatuuliza ni nani kati yetu amewahi kuhamia nyumba ya kupanga na kuendelea kutumia kufuli aliloliacha mpangaji wa zamani. Hakuna aliyeinua mkono. Mtaani kwetu hata mwendawazimu hafanyi hivyo. Akasema kufuli lile si bovu, linafunga na kufungua vizuri, lakini hujui huyo aliyehama alichongesha funguo ngapi na alimpa nani. Kivinjari cha zamani nacho hufunguka vizuri kila asubuhi, akasema, ila wezi wa mitandaoni wameshakaa nacho miaka, wamezijua nyufa zake zote, na fundi aliyekitengeneza ameacha kuziziba. Tena tovuti za siku hizi zinaandikwa kwa ajili ya vivinjari vipya, kwa hiyo cha zamani kitakuonyesha ukurasa nusu, au kitakuonyesha mzima na kisifanye kazi, na wewe ukae hapo ukidhani umemaliza. Hilo la mwisho, akasema, ndilo linalomnyima usingizi.

Maelezo hayo yalikuwa bora kuliko yoyote niliyowahi kutoa mimi mwenye diploma. Nilijua ni ya kweli, neno kwa neno. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mathe, kumbe siku hizi unauza makufuli?" Ukumbi ukacheka, na mwenyekiti akaendelea na suala la maji ya vyooni.

Hapa inabidi nieleze kwa nini. Mwaka 2011, nilipoajiriwa kwa kandarasi, niliunda ukurasa wa kumbukumbu za wanafunzi ambao chuo kizima kiliutumia. Bodi ilinipa cheti cha heshima, nikakitundika ukutani nyuma ya kiti changu, mahali ambapo kila anayeingia angekiona kabla ya kuniona mimi. Kufikia 2018 ukurasa ule ulikuwa umezeeka. Uliweza kufunguka kwenye kivinjari cha zamani tu. Tungesasisha, ungekufa siku hiyo hiyo, na watu wangegundua kwamba fundi wao hakujifunza kitu kipya kwa miaka saba. Stika zile za manjano zilikuwa zinanilinda mimi. Niliwaambia watu kwamba toleo jipya huharibu printa.

Machi 2022 wasimamizi wa mitihani ya ufundi walihamishia usajili kwenye tovuti mpya. Mama Frankline alipewa darasa la ushonaji, watahiniwa ishirini na sita. Alipoifungua tovuti hiyo ukatokea ukanda mwekundu juu ya ukurasa, ukisema kwamba kivinjari ni cha zamani na taarifa zinazojazwa huenda zisihifadhiwe. Alinijia Jumanne. Alinijia Jumatano. Alhamisi alinikuta kwenye chai ya saa nne, walimu wote wapo, akaniuliza mara ya tatu, na kwa upole. Nikamjibu nikiwa na andazi mdomoni, "Mathe, hiyo ya juu ni urembo tu. We bonyeza." Wakacheka tena.

Akarudi mezani kwake akabonyeza. Skrini ikawa nyeupe kwa muda, kisha majina yote ishirini na sita yakarudi yamejipanga vizuri. Akapanda ngazi tena kuniambia kwamba hajaona nambari ya uthibitisho. Nikamwambia itakuja. Usajili ulifungwa Ijumaa jioni. Mwezi wa tano orodha ya watahiniwa ilipotumwa, darasa zima la ushonaji halikuwemo.

Kati ya hao ishirini na sita alikuwepo Bilan Mumin wa Tassia, mama wa watoto wawili, mshonaji hodari kuliko wote. Kiwanda kimoja cha sare, upande wa Mukuru kwa Reuben, kilikuwa kimemwahidi kazi ya kudumu endapo angeleta cheti kufikia Septemba. Siku aliyopata habari alimngojea Mama Frankline langoni, pale wanapouza mayai ya kuchemsha, kwa sababu jina la aliyesajili lilikuwa lake. Alilia. Akamuuliza mbele ya watu kama hajui kusoma.

Aliyeulizwa swali hilo ni Mama Frankline, kati ya watu wote wa Nairobi hii. Naye hakujitetea hata kidogo. Alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Pole, mwanangu. Nitashughulika." Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, yai mkononi. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Nilimwomba muuzaji aniongezee kachumbari.

Alishughulika kweli. Asubuhi kumi na moja mfululizo alikwenda mjini kwenye ofisi za mitihani na orodha yake ya majina, akakaa kwenye benchi la wanaongoja, hadi wakakubali watahiniwa wote ishirini na sita waingizwe katika mtihani wa Novemba bila kurudia mwaka. Wote walifanya, na ishirini na watano walifaulu. Hayo ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote katika miaka yake thelathini na mmoja, na hayajaandikwa popote mpaka leo. Bilan alipita vizuri sana. Lakini nafasi ya kiwandani ilikuwa imeshapewa mtu mwingine, na ilimchukua miaka miwili ya vibarua kabla hajafungua kibanda chake cha kushona sare za shule. Yuko nasi leo, amealikwa na mstaafu, na anaijua habari hii ya upande wangu kwa mara ya kwanza, kama wewe.

Nilichokikuta kwenye faili ni barua ya onyo ya tarehe 6 Juni 2022, ikimtuhumu Bi. Truphena Kavere kwa uzembe katika usajili. Nilijua kwamba aliwahi kuitwa kujieleza. Sikujua kwamba aliandikiwa, au niseme sikuuliza, maana kutouliza kulinifaa. Kwa sababu ya barua hiyo alirukwa mara mbili kwenye cheo cha karani mkuu, 2023 na 2024. Na chini kabisa ya faili kulikuwa na rasimu ya barua ya utumishi atakayokwenda nayo nyumbani, ile ambayo mtu huiweka kwenye fremu sebuleni. Sentensi yake ya mwisho ilisema: "Katika utumishi wake alipewa onyo moja la maandishi."

Pamoja na onyo kuna jibu lake, mistari miwili iliyopigwa chapa bila kosa. "Nimepokea barua yako. Aliyekuwa kwenye kiti ni mimi." Jina langu halimo. Niliisoma nikaigeuza nyuma nikidhani kuna ukurasa wa pili.

Jumanne ya wiki hii nilimwendea mezani kwake nikamuuliza kwa nini hakunitaja, ilhali daftari alikuwa nalo, na maneno yangu yote yamo na tarehe zake. Aliendelea kupanga faili zake. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ulikuwa kwa kandarasi, na mtoto wako alikuwa wa wiki mbili. Wewe wangekufuta. Mimi wangeniandikia tu." Kweli, nilithibitishwa kazini Agosti ya mwaka huo huo wa 2022. Tulifanya hata keki, na ni yeye aliyeikata. Kisha akaniambia nisijisumbue na mambo ya zamani, kwamba hakuwahi kunilaumu, kwa kuwa mtu halaumiwi kwa jambo ambalo hakulijua.

Hapo aliniua kabisa. Miaka mitatu unusu amebeba barua ile akidhani anamfichia mjinga.

Nilijua. Tarehe 21 Februari 2022, wiki kadhaa kabla ya usajili, wasimamizi wa mitihani walituma barua pepe iliyokuja kwangu peke yangu. Ilisema wazi kwamba tovuti mpya haitafanya kazi kwenye vivinjari vya zamani na kila chuo kisasishe mapema. Niliisoma yote. Pengine ndiyo ilani pekee niliyowahi kuisoma hadi mwisho. Ningeweza kumwekea kivinjari kipya kwenye kompyuta yake moja tu, kazi ya dakika kumi, na ukurasa wangu ungeendelea kufunguka kwenye zile nyingine. Lakini wenzake wangemuuliza kwa nini yeye awe nacho na wao wasiwe nacho, na maswali yangenifikia mimi na cheti changu ukutani. Nikaihamisha barua pepe kwenye folda ya "Mengineyo", na nikajiambia labda itapita.

Sikumwambia hayo Jumanne. Nilimshukuru, nikaondoka. Ndiyo maana namwambia hapa. Mama Frankline, nisamehe kwa kukufanya uyasome haya ukiwa umekaa jukwaani na shada shingoni. Lakini ulichekwa mbele ya watu, na uliulizwa kama hujui kusoma mbele ya watu, na sioni haki ya mimi kuomba radhi kwenye kona ya ofisi. Bilan, wewe pia nakuomba radhi. Aliyekuharibia mwaka ni mimi.

Jumatano nilimpelekea Bi. Nduta barua pepe ile pamoja na maelezo yangu ya maandishi. Aliyasoma mara mbili, akaniuliza kama nina hakika nataka kuyaweka kwenye kijitabu cha sherehe, halafu akasema basi sharti la kuchangamsha ameliondoa. Bodi ilikutana Alhamisi. Onyo limefutwa, na ile sentensi ya mwisho imeondolewa kwenye barua ya utumishi. Cheo kilichompita mara mbili, bodi imesema haina njia ya kukirudisha, na mimi sina pia. Kesi yangu itasikilizwa wiki ijayo, kwa hiyo huenda unaposoma haya mimi si mkuu wa idara yoyote. Nikiulizwa kama nilikuwa kwa kandarasi wakati huo, nitajibu ndiyo. Sitalitumia kama sababu.

Alhamisi hiyo hiyo mchana nilibandua stika zote kwa kisu cha mezani na kusasisha kompyuta zote kumi na tisa. Ukurasa wangu wa kumbukumbu ulikufa kwenye mashine ya kwanza, kama nilivyojua ungekufa. Kumbukumbu zenyewe hazikupotea, kwa sababu Mama Frankline alikuwa na nakala ya kila mwanafunzi tangu 2011. Cheti nimekitoa ukutani. Ninaandika haya Jumamosi, na hadi sasa hakuna mtu hata mmoja aliyeuliza ukurasa ulikwenda wapi. Printa nazo zinafanya kazi.

Mstaafu wetu anarudi Chavakali, ambako ana kuku mia mbili wanaomngojea, na wauzaji wa dawa za mifugo wa huko wajiandae, maana atasoma kila pakiti na atakuwa na maswali. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, walimu na wanafunzi wa Daraja Mbili, tunakushukuru kwa kila karatasi uliyoirudisha ikiwa na swali, kwa asubuhi kumi na moja ulizokaa kwenye lile benchi, na kwa kupanda ngazi zile mara arobaini na tatu ukijua jibu utakalolipata. Tunaomba siku zako za mapumziko ziwe nyingi na nyepesi, afya isikupungukie, na wajukuu wasikuchoke.

Daftari umelisahau mezani, au umeliacha makusudi, sikuuliza. Chini ya ilani ya arobaini na tatu kulikuwa na mstari mmoja uliobaki. Nimeandika tarehe, 20 Novemba 2025. Nimenakili maneno ya skrini, yote, hadi nukta. Na kwenye safu ya jibu la Mwalimu Githinji nimeandika: "Nimesasisha. Ulikuwa umesema kweli, na nilikuwa najua."